Oili ya Giaboksi Otomatiki na Historia ya Kipimo Chake

Historia ya motokaa imezoea kuandikwa kwa habari za injini, za mwendo kasi, na za matajiri waliojenga viwanda. Ni nadra kuandikwa kwa habari za kazi ndogo ambazo mwenye gari hutakiwa kuzifanya kwa mkono wake mwenyewe: kufungua boneti, kuchomoa kijiti, kukipangusa kwa kitambaa safi, kukirudisha mahali pake, kisha kukichomoa tena na kusoma alama. Walakini kazi ndogo kama hizo huonyesha waziwazi jambo kubwa, yaani ni nani mwenye haki ya kujua kilichomo ndani ya mashine: aliyeitengeneza, au aliyeinunua. Oili ya giaboksi otomatiki ni mfano mzuri wa jambo hilo. Katika muda wa miaka mia moja na ushei ujuzi wa kuipima ulianzia chini ya gari, ukapanda mpaka mkononi mwa dereva, kisha ukateremka tena chini ya gari.

Yafaa kwanza kutenganisha maneno mawili. Dereva wa Afrika Mashariki asemapo kwamba gari limeishiwa mafuta, hukusudia petroli au dizeli. Kile kinacholainisha vyuma hukiita oili, na neno hilo ndilo litakalotumika hapa. Oili ya injini na oili ya giaboksi otomatiki ni vitu viwili mbalimbali, na sehemu kubwa ya hasara zitakazoelezwa hapa chini ilitokana na kuvichanganya.

KIPIMO CHA TUNDU

Gari la Ford la aina ya T, lililoanza kuuzwa Marekani mwaka 1908 na kuundwa hadi mwaka 1927, halikuwa na giaboksi otomatiki kwa maana ya leo. Hata hivyo gia zake zilikuwa za mtindo uitwao wa sayari, ambamo magurudumu madogo yenye meno hulizunguka gurudumu moja la kati, na mtindo huo ndio uliokuja kuwa msingi wa giaboksi otomatiki nyingi za baadaye. Injini na gia zilioga katika oili moja. Kijiti cha kupimia hakikuwako. Badala yake, chini ya gari palikuwa na koki mbili ndogo, moja juu na moja chini yake. Mwenye gari alilala chali, akafungua koki ya juu. Oili ikichuruzika, alijua kuwa imetosha. Isipochuruzika, alifungua koki ya chini. Nayo ikiwa kavu, gari halikufaa kuendeshwa hata hatua chache mpaka litiwe oili.

Kipimo hicho kilikuwa cha taabu, lakini kilikuwa cha kweli, na hakikuhitaji chombo chochote ila mkono na macho. Mkulima aliyekaa mbali na mji aliweza kukitumia sawasawa na fundi wa mjini.

KAZI MPYA YA OILI

Wakati huohuo, katika kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, ambao leo ni mji wa Szczecin katika Poland, mhandisi wa Kijerumani Hermann Föttinger alikuwa akishughulika na tatizo la namna nyingine. Tabo za mvuke huzunguka upesi mno, na rafadha ya meli haina budi kuzunguka polepole. Mwaka 1905 alipata hataza ya chombo cha kupitisha nguvu kwa njia ya majimaji. Mfano wake ni pangaboi mbili zilizoelekezana: moja ikiwashwa, upepo wake huizungusha ya pili, ingawa hazigusani. Föttinger aliweka majimaji mahali pa upepo, na akavifungia vyote viwili ndani ya kasha moja. Mwaka 1930 kampuni ya Daimler ya Uingereza ilianza kuuza motokaa zenye chombo cha asili hiyo, lakini dereva aliendelea kuchagua gia mwenyewe.

Hatua kubwa ilichukuliwa Marekani. Earl Thompson, ambaye kazi yake ya awali ya kulainisha ubadilishaji wa gia ilitokea katika magari ya Cadillac mwaka 1928, aliongoza wahandisi wa General Motors waliounda giaboksi iliyoitwa Hydra-Matic. Iliwekwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, yaliyoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1939, na mnunuzi aliyeitaka alilipa dola 57 zaidi. Ilikuwa na gia nne za kwendea mbele, na pedali ya klachi iliondolewa kabisa. Vita vilipoikuta Marekani, giaboksi hizo zilitiwa katika vifaru vyepesi vya M5, kila kifaru kikiwa na injini mbili za Cadillac na Hydra-Matic mbili. Baada ya vita jina lake lilikuwa limekwisha kujulikana, na mwaka 1952 hata Rolls-Royce wa Uingereza walianza kuitumia.

Katika chombo hiki oili ilipewa kazi ambazo haikuwa nazo zamani. Ilipitisha nguvu ya injini, kama alivyoonyesha Föttinger. Ilisukumwa kwa pampu katika vijia vyembamba ili kufungua na kufunga vali, na kwa hivyo ndiyo iliyoamua ni gia gani iingie na wakati gani. Ililainisha meno na beringi. Ilichukua joto na kulipeleka nje. Tena ilitakiwa kuwaacha mabamba ya klachi za ndani yashikane bila kuteleza na bila kugutuka. Kazi hii ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, kwa maana oili hiyohiyo huambiwa iteleze mahali pamoja na ishike mahali pengine. Oili ikipungua, pampu hunyonya hewa, msukumo huanguka, mabamba huteleza na kuungua, na gari lenye injini nzima hubaki limesimama njiani.

KIJITI

Kwa kuwa upungufu mdogo ulileta hasara kubwa, ilibidi kipimo kiwe karibu na mwenye gari. Katika Hydra-Matic za kwanza kijiti kilikuwa chini ya zulia la mbele: zulia liliinuliwa, kifuniko kikaondolewa, na kijiti kikachomolewa kutoka katika giaboksi yenyewe. Baadaye viwanda vilitia bomba refu lililopanda mpaka ndani ya boneti, jirani na kijiti cha injini, na mtu aliweza kupima akiwa amesimama wima bila kuchafua nguo.

Namna ya kupima ilikuwa na masharti yake, na kila sharti lilikuwa na sababu. Gari lisimame mahali tambarare, kwa kuwa oili hufuata mwinamo. Oili iwe imepata moto wa safari, kwa kuwa ikipata moto hutanuka, na kipimo cha asubuhi hakilingani na kipimo cha adhuhuri. Breki ikanyagwe, na wenzo upitishwe katika gia zote, ili kila kijia kijae. Katika magari mengi injini iachwe ikiguruma polepole, kwa sababu ikizimwa, sehemu ya oili hurejea katika sampu na kumdanganya mpimaji kuwa ipo nyingi. Magari ya Honda yalifuata kanuni iliyo kinyume: injini ipashwe moto, izimwe, na kijiti kisomwe muda mfupi tu baada ya hapo, maana alama zake zilichorwa kwa hesabu hiyo. Aliyepima Honda kwa kanuni ya Toyota alipata jibu la uongo, ingawa macho yake hayakuwa na kosa.

Tena kijiti hakikuonyesha kiasi peke yake. Oili ya giaboksi hutiwa rangi nyekundu ili isichanganywe na ya injini. Ikigeuka hudhurungi na kunuka kama kitu kilichoungua, ni dalili ya klachi kuteketea. Ikiwa na povu, huenda imezidi kipimo na inapigwa na gia kama yai. Ikiwa na weupe kama wa maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, maji ya rejeta yamekwisha kuingia, kwa kuwa katika magari mengi kipoza oili hukaa ndani ya rejeta na huweza kutoboka. Hivyo kijiti kilimpa mwenye gari ushahidi mkononi kabla hajafika kwa fundi, na mtu mwenye ushahidi hadanganywi kwa urahisi.

JINA JUU YA KOPO

Mwaka 1949 General Motors walitoa kanuni ya kwanza ya oili iliyotengenezwa mahsusi kwa giaboksi otomatiki, wakaiita Aina A. Wauzaji waliotaka kuitengeneza walipeleka sampuli zao kwa Armour Research Foundation mjini Chicago, na waliofaulu walipewa namba ya kuandika juu ya kopo. Mwenye gari hakuhitaji kujua kemia. Ilimtosha kusoma namba. Vitabu vya magari vya miaka ya 1950 viliagiza oili imwagwe kila baada ya maili 20,000 au 25,000, na giaboksi nyingi za wakati huo zilikuwa na vizibo vya kumwagia hata katika chombo cha majimaji, ili oili yote itoke.

Miongoni mwa viungo vya oili za zama hizo palikuwa na kimoja ambacho watu wa pwani ya Afrika Mashariki walimfahamu mwenyewe tangu kale kwa zao lake jingine. Huyo ni nyangumi mkubwa mwenye meno, ambaye tumboni mwake hutoka ambari. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari hizi karne ya 10, aliisifu ambari ya pwani za Zanj kuwa bora; na katika karne ya 19 meli za Marekani za kuwinda nyangumi zilitia nanga Unguja, kama alivyosimulia J. Ross Browne katika kitabu chake cha mwaka 1846. Mafuta ya kichwani mwa nyangumi huyo, kwa hakika ya kemia, si mafuta kama ya nazi au samli, bali ni nta iliyo majimaji. Hustahimili joto, na yakichanganywa na salfa huwafanya mabamba ya klachi kushikana kwa upole. Kwa sababu hiyo yalitiwa katika oili za giaboksi, hata katika Dexron ya kwanza iliyotolewa mwaka 1967 kushika mahali pa Aina A.

Mwaka 1970 Serikali ya Marekani ilimwandika nyangumi huyo katika orodha ya wanyama walio katika hatari ya kutoweka, na matumizi ya mafuta yake katika viwanda vya nchi hiyo yakakoma. Wanakemia walilazimika kutafuta badala yake kwa haraka. Dexron-II ilitolewa mwaka 1973, lakini oili hiyo mpya ilionekana kuzila sehemu za vipoza oili, na mwaka 1975 ikabidi itolewe nyingine iliyotiwa dawa ya kuzuia kuliwa huko. Basi giaboksi ya gari, chombo ambacho hakuna aliyekifikiria kuwa na uhusiano na bahari, ilikuwa imelitegemea tumbo la bahari kwa miaka mingi, na wenye magari hawakupata kujua, maana jina juu ya kopo halikusema.

Wakati huohuo majina yalianza kuwa mengi. Ford walikuwa na oili yao ya Aina F, iliyoshika kwa nguvu zaidi kuliko ya General Motors. Aina F ikitiwa katika giaboksi ya General Motors, gia ziliingia kwa kugutuka. Dexron ikitiwa katika giaboksi ya Ford iliyotaka Aina F, klachi ziliteleza. Zilikuwa sawa kwa rangi, sawa kwa kugusa, na mbali kwa tabia. Viwanda vya Japani navyo vilifuata njia hiyo, kila kimoja na oili yake. Kisha zikaja giaboksi zisizo na gia za kuhesabika, zinazopitisha nguvu kwa mkanda wa chuma, nazo zikataka oili ya peke yake, kwa kuwa ile ya kawaida huuachia mkanda uteleze. Rangi nyekundu, iliyokuwa alama ya kumlinda mwenye gari, haikutosha tena.

KUONDOKA KWA KIJITI

Katika miaka ya 1990 na 2000 viwanda vingi viliondoa kijiti. Katika giaboksi ya Mercedes-Benz yenye gia tano, iliyoanza kutumika mwaka 1996, bomba la kijiti lilibakizwa, lakini kijiti chenyewe hakikuwamo. Mdomo wa bomba ulifungwa kwa kifuniko chenye pini ya plastiki, na kijiti kilikuwa chombo cha gereji. Toyota nao, walipoanza kutumia oili waliyoiita WS, walizifunga giaboksi zao nyingi namna nyingine: gari huinuliwa likiwa sawa, joto la oili husomwa kwa chombo cha umeme mpaka lifike kati ya nyuzi 35 na 45 za selsiasi, kizibo cha chini hufunguliwa injini ikiguruma, na oili iliyozidi huachwa itoke mpaka mchirizi ugeuke matone.

Wahandisi walikuwa na hoja zao, na hoja hizo si za kupuuza. Wenye magari walizidisha oili, au walitia isiyofaa, au waliingiza vumbi kwa kitambaa kichafu. Na oili mpya zilizotengenezwa kwa kemia bora zilidumu zaidi ya zile za zamani. Lakini pamoja na kuondoa kijiti, baadhi ya viwanda viliingiza usemi mpya, kwamba oili imetiwa kwa maisha yote. Hapo ndipo historia ya mitambo inapogeuka kuwa historia ya maneno. Kiwanda kilipotaja maisha, hakikutaja ni maisha ya nani. Gari lina maisha ya udhamini, lina maisha ya mnunuzi wa kwanza, na lina maisha yake lenyewe mpaka liwe chuma chakavu. Na miaka hiyo mitatu hailingani. ZF, kiwanda cha Ujerumani kinachoziuza giaboksi zake kwa watengenezaji wengi wa magari, chenyewe kimeshauri oili ya giaboksi zake ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8. Oili huchakaa kwa joto na kwa unga wa mabamba, na usemi wa kitabuni hauwezi kuizuia.

MAISHA YA PILI

Usemi huo una uzito wa pekee katika Afrika Mashariki. Kwa miongo mingi barabara za Kenya, Uganda na Tanzania zilitawaliwa na magari ya klachi na gia za mkono. Biashara ya nje ilipofunguliwa, hasa tangu miaka ya 1990, magari yaliyokwisha kutumika Japani yaliingia kwa wingi kwa bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na mengi yao ni ya otomatiki. Kenya imeweka kanuni ya kutopokea gari lililozidi miaka 8. Kwa hiyo hata lililokubaliwa huweza kuwa limefikia ukomo ule wa miaka 8 baharini, kabla halijaguswa na dereva wake mpya. Maisha yote yaliyokusudiwa na kiwanda yamekwisha kupita Japani. Kinachoanza Mombasa ni maisha ya pili, na kitabu cha gari, kikiwamo, kimeandikwa kwa Kijapani.

Hapa lugha ya gereji inaweza kusaidia na inaweza pia kupoteza. Husemwa kumwaga oili, na kwa injini neno hilo ni sahihi, kwa kuwa kizibo kikifunguliwa karibu oili yote hutoka. Kwa giaboksi otomatiki ya leo neno hilo huahidi zaidi ya linavyoweza kutimiza. Vizibo vya chombo cha majimaji viliondolewa zamani, na sampu ikifunguliwa hutoka thuluthi moja au nusu ya oili. Iliyobaki hukaa ndani ya chombo hicho na katika mabomba ya kipoza. Anayelipa akidhani kwamba ametiwa oili mpya tupu, kwa kweli ametiwa mchanganyiko wa mpya na kuukuu. Fundi mwaminifu humwambia hivyo, naye hurudia kazi baada ya safari kadhaa, au hutumia mashine ya kuisukuma ya zamani nje huku mpya ikiingia. Kwa kazi hiyo neno kupunguza au kuchanganya lingekuwa la kweli zaidi kuliko kumwaga.

Vivyo hivyo neno oili peke yake, lisemwalo dukani bila jina la aina, halimtoshelezi mnunuzi wa giaboksi hizi. Zamani ilitosha kuuliza rangi. Sasa mtu hana budi kuuliza giaboksi ni ya namna gani, ya gia au ya mkanda, na kiwanda chake kimetaja oili ipi. Na maswali hayo yataulizwa kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha inayozungumzwa baina ya mwenye duka, fundi na dereva. Maneno kama giaboksi, klachi, sampu na rejeta yamekwisha kupata uraia katika vinywa vya mafundi. Yanayokosekana ni maelezo yaliyoandikwa, yatakayomwambia mwenye gari kwamba oili hiyo hufa, kwamba hupimwa kwa joto maalumu, na kwamba kubadilisha sehemu yake si kubadilisha yote.

Fundi wa leo asimamaye ndani ya shimo la gereji, akiwa na kipimajoto, akingojea mchirizi wa oili ugeuke matone, anafanya kazi ileile aliyoifanya mwenye gari la Ford mwaka 1908 kwa koki zake mbili. Tofauti ni kwamba yule wa zamani alilijua jibu mwenyewe, na mwenye gari wa leo hungoja juu ya shimo aambiwe.